FARASI NGAPI? Jinsi ya Kupima Habari za Pikipiki Mpya



Kampuni ikitangaza tu kwamba inatengeneza pikipiki mpya, maneno huanza kabla pikipiki yenyewe haijaonekana. Huyu anasema ina farasi 40. Yule anasema ati ni 47. Mwingine anaapa kwamba imefungwa nguvu kiwandani, na fundi mjanja anaweza kuifungua. Kwa vijana wa stejini hayo ni mazungumzo matamu, hayana hasara. Lakini kwa kikundi kilichoweka akiba shilingi kwa shilingi ili kinunue pikipiki ya kazi, namba hizo ni pesa. Kikidanganyika, akiba ya miaka inakwenda kwa siku moja.

Kwa hivyo katika ukurasa huu tunataka kueleza namba hizo zina maana gani, kwa nini nchi nyingine zimeweka mpaka wa nguvu, na kikundi kiulize nini kabla ya kutoa hata senti moja. Tunazungumzia pikipiki za kati, yaani za kama cc 300 hadi 500. Boda boda nyingi tunazopanda kila siku ni za cc 100 hadi 150.

1. Cc si nguvu

Wengi hufikiri cc ni nguvu. Sivyo. Cc ni nafasi iliyo ndani ya silinda, mahali pistoni inapopanda na kushuka. Chukua chupa ndogo ya soda ya mililita 300. Nafasi iliyo ndani yake ndiyo cc 300. Basi.

Silinda kubwa inaweza kumeza hewa na petroli nyingi zaidi, kwa hivyo kwa kawaida huleta nguvu zaidi. Lakini injini mbili za cc sawa zinaweza kutofautiana sana. Moja imetengenezwa izunguke polepole na kuvuta mzigo, nyingine imetengenezwa izunguke haraka na kukimbia. Kwa hivyo mtu akikuambia "hii ni ya cc 450", amekwambia ukubwa wa chungu. Hajakwambia chakula kilichomo.

2. Farasi ni nini?

Farasi mmoja katika hesabu ya injini ni nguvu ya kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Fikiria gunia la mahindi la kilo 90. Farasi mmoja ataliinua kutoka chini hadi kiunoni, kama mita moja, kwa sekunde moja na kidogo.

Siku hizi viwanda hutumia pia kipimo cha kilowati. Kilowati 1 ni farasi 1.36. Tena kuna farasi wa aina mbili katika vitabu: yule wa Bara Ulaya, na yule wa Kiingereza ambaye ni mkubwa kidogo. Ndiyo maana kilowati 35 huandikwa mahali pengine farasi 47 na mahali pengine karibu 48. Ukiona watu wawili wanabishana juu ya farasi mmoja, huenda wote wanasema kitu kile kile.

3. Nguvu ya kusokota

Hapa ndipo wauzaji wengi hupita haraka, na hapa ndipo mtu wa mzigo anapaswa kusimama.

Unapofungua nati ya gurudumu iliyokaza, unatafuta spana ndefu. Mkono ni ule ule, lakini spana ndefu inasokota zaidi. Injini nayo ina nguvu yake ya kusokota, na hupimwa kwa kipimo kinachoandikwa Nm. Ukitundika mzigo wa kilo 4 kwenye ncha ya spana ya urefu wa mita moja, hiyo ni karibu Nm 40.

Farasi hupatikana kwa kuzidisha msokoto huo na mizunguko ya injini kwa dakika. Maana yake ni kwamba kiwanda kinaweza kuongeza farasi kwa kuifanya injini izunguke haraka zaidi, hata kama msokoto haukuongezeka. Namba ya farasi itapendeza kwenye tangazo, lakini itapatikana pale tu injini inapolia kwa sauti ya juu kabisa. Nani anapanda mlima wa matope na maziwa nyuma huku injini ikilia hivyo?

Kwa hivyo ukiambiwa farasi, uliza hapo hapo: kwa mizunguko mingapi?

4. Mfano mmoja wa kweli

Kampuni ya Royal Enfield ya India ilikuwa na pikipiki ya safari iitwayo Himalayan, ya cc 411, iliyotoka mwaka 2016. Ilikuwa na farasi kama 24 na msokoto wa Nm 32. Watu walipojua kwamba kuna mpya inakuja, walibahatisha sana. Ilipotolewa rasmi Novemba 2023, hizi ndizo zilikuwa namba zake: cc 452, farasi 40 kwa mizunguko 8,000, msokoto wa Nm 40 kwa mizunguko 5,500, na uzito wa kilo 196 ikiwa tayari kwa safari.

Hebu tuzisome pamoja. Cc ziliongezeka kwa 41 tu, kama sehemu moja katika kumi. Farasi waliongezeka karibu sehemu mbili katika tatu. Waliongezekaje? Injini ni ya namna mpya: inapozwa kwa maji, na imetengenezwa izunguke haraka zaidi. Msokoto uliongezeka pia, lakini kwa robo tu. Mtu aliyebahatisha kwa kutazama cc peke yake asingefika kwenye farasi 40.

5. Kwa nini kuna mpaka wa nguvu?

Sasa swali la pili: kwa nini wanaobahatisha hutaja kilowati 35 kila mara? Jibu liko katika sheria za Ulaya.

Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zimegawa leseni za pikipiki kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya pikipiki zisizozidi cc 125 na kilowati 11. Ngazi ya kati, wanayoiita A2, inaruhusu hadi kilowati 35. Juu yake ni leseni isiyo na mpaka. Kijana anapanda ngazi moja moja, ili ajifunze kabla ya kupewa nguvu nyingi. (Angalieni, hizo ni herufi za huko. Daraja za leseni ya Kenya zina maana zake.)

Ngazi hiyo ya kati ina masharti mengine mawili. Kwanza, nguvu isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya pikipiki. Maana yake pikipiki ya kilowati 35 kamili lazima iwe na uzito wa angalau kilo 175. Hawataki nguvu nyingi juu ya kitu chepesi. Pili, kama pikipiki imepunguzwa nguvu, isiwe imetoka kwenye ile yenye zaidi ya mara mbili ya nguvu hiyo, yaani zaidi ya kilowati 70.

Nchi nyingine zina mipaka yao. Huko Japani leseni ya pikipiki za kati huishia cc 400, ndiyo sababu viwanda vya huko vimetengeneza pikipiki nyingi za cc 400 hasa. India imeweka mstari wa kodi: tangu Septemba 2025 pikipiki isiyozidi cc 350 hutozwa asilimia 18, na inayozidi hapo asilimia 40. Hata hapa Kenya, mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizofika cc 250, na boda boda zikajaa kila kijiji.

Mnaona jambo hilo? Ukubwa na nguvu ya pikipiki havikuamuliwa na injinia peke yake. Kiwanda hutazama mstari wa sheria au wa kodi mahali kinapotaka kuuza, kisha kinatengeneza chombo cha kukaa ndani ya mstari huo. Mstari huo huenda uliwekwa kwa ajili ya kijana wa Ujerumani au mlipa kodi wa Mumbai. Haukuwekwa kwa ajili ya mlima wa kwenu.

6. "Imefungwa, tutaifungua"

Ni kweli kwamba pikipiki nyingine hufungwa nguvu. Yamaha MT-07, kwa mfano, ina kilowati 54, lakini kwa wenye leseni ya kati huko Ulaya iliuzwa ikiwa imepunguzwa hadi 35. Kazi hiyo hufanywa kwa kuzuia mkono wa gesi usifunguke wote, kwa kubana njia ya hewa, au kwa kubadilisha maagizo ndani ya kompyuta ndogo ya injini.

Lakini si kila pikipiki imefungwa. Ile Himalayan ya farasi 40 ina kilowati kama 29. Iko chini ya mpaka kwa nguvu zake zenyewe, hapana cha kufungua. Fundi anayewaambia ataongeza farasi kumi kwa kugeuza skrubu anawauzia mbuzi kwenye gunia. Akibadilisha hewa na petroli bila kipimo, injini itachemka na kumaliza petroli, na waranti mtaisahau.

7. Mlima unahitaji farasi wangapi?

Tufanye hesabu moja. Barabara inapanda mita 10 kwa kila mita 100. Dereva ana kilo 65, mzigo wa maziwa kilo 60. Mwendo ni kilomita 36 kwa saa, ambao kwa murram ni wa kutosha.

Tukichukua pikipiki ndogo ya kilo 115, jumla ni kilo 240. Kuinua uzito huo mlimani kunataka farasi kama 3.2. Ongeza kidogo kwa ajili ya upepo na matope. Pikipiki nyingi za boda zina farasi kama 8 hadi 13, kwa hivyo zinaweza, mradi dereva ateremshe gia mapema.

Tukichukua ile ya kilo 196, jumla ni kilo 321, na mlima ule ule unataka farasi 4.3. Farasi mmoja na zaidi anafanya kazi ya kubeba chuma cha pikipiki yenyewe! Wale wengine 30 na ushei wamekaa tu wakingoja barabara kuu.

Hatusemi pikipiki ya kati ni mbaya. Kwa safari ndefu ya lami, au kwa mtu anayezunguka wilaya nzima kila siku, inaweza kumfaa sana. Tunasema nguvu inunuliwe kwa ajili ya kazi. Isinunuliwe kwa ajili ya sifa.

8. Maneno ya kuuliza kabla ya kununua

Namba ya uvumi haina mwenyewe. Ikibadilika, hakuna wa kulaumiwa. Kwa hivyo mtu akija na habari za pikipiki mpya, mwulizeni hivi:

(a) Je, pikipiki imeshatolewa rasmi, au bado inasemwa tu? Kama haijatoka, msitoe arbuni.

(b) Nguvu ni farasi wangapi, na kwa mizunguko mingapi? Msokoto je, na kwa mizunguko mingapi? Tunataka namba hizo kwenye karatasi ya kiwanda.

(c) Ina uzito gani, na kiwanda kimeruhusu mzigo wa kilo ngapi?

(d) Cheni, breki na plagi zinapatikana soko la karibu? Kuna fundi wa karibu anayeijua injini ya kupozwa kwa maji?

(e) Inakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, ikiwa na mzigo?

Majibu yaandikwe kwenye daftari la kikundi na yasomwe mbele ya wote kabla ya kupiga kura. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na kumbukeni, farasi wawe 8 au 40, sheria yetu inaruhusu abiria mmoja tu, na kofia ngumu ni ya dereva na ya abiria pia.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kazi zetu, pikipiki itabeba nini hasa, kilo ngapi, na mara ngapi kwa wiki?

2. Mlima mkali zaidi katika njia yetu uko wapi? Pikipiki zilizopo zinaupandaje?

3. Kama tungekuwa na pesa za pikipiki moja ya kati, je, zingetosha ndogo mbili? Lipi lingesaidia wanachama wengi zaidi?