Nyuzi Zilizohesabiwa Tumboni

Nguruwe jike akizaa katika banda la Mdandu, au popote kati ya Njombe na Makambako, watoto kumi hugombea chuchu, na mara nyingi kuna mmoja anayesukumwa pembeni: kichwa kikubwa kuliko mwili, mapaja membamba, mgongo uliochongoka. Lawama huenda kwa dume. Mbegu mbovu, watu husema, na mwenye dume hujikuta akilitetea au akilitafutia mnunuzi. Naona dume linaonewa. Kilichompunguza mdogo huyo kilitokea ndani ya mimba, siku zile nyuzi za misuli zilipokuwa zikiundwa, na nyuzi hizo zikishatimia, si pumba wala mashudu yatakayoziongeza idadi.

Kiinitete kikiwa bado kidogo kuliko punje ya mahindi, pande zote mbili za mahali utakapokaa uti wa mgongo hujitokeza vinundu, jozi baada ya jozi, kama pingili za mwanzi mchanga. Wataalamu huviita somiti. Humo ndimo inamotoka misuli ya kiwiliwili na ya miguu. Moyo una njia yake, na sehemu kubwa ya misuli ya uso na taya ina asili nyingine. Kwamba msuli wa mguu unatoka mgongoni lilikuwa jambo gumu kuaminika, maana mguu huchomoza kama chipukizi lenye kila kitu chake. Jibu lilitoka kwenye mayai. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin wa Ufaransa alionyesha kwamba kiini cha seli ya kware hutambulika kwa darubini hata seli hiyo ikichanganywa na za kuku. Mwaka 1977 watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani waliitumia alama hiyo: walitoboa ganda la yai la kuku, wakaondoa somiti zilizo jirani na bawa, wakapandikiza za kware. Bawa lilipoumbika, misuli yake ilikuwa ya kware, mifupa na kano zake ni za kuku. Seli za msuli zilikuwa zimehama kutoka mgongoni na kuingia humo.

Lakini seli iliyohama bado si msuli. Mwaka 1987, huko Seattle, Marekani, Robert Davis, Harold Weintraub na Andrew Lassar waliripoti jeni waliyoiita MyoD. Walipoiwasha ndani ya seli za panya ambazo kwa kawaida hutengeneza tishu za kushikizia viungo, seli hizo ziligeuka kuwa za msuli. Katika sahani ya maabara mgeuko wa namna hiyo huonekana wazi. Seli huacha kugawanyika, hurefuka, hulala sambamba, kisha kuta zinazozitenganisha hufunguka na nyingi huwa uzi mmoja wenye viini vingi. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Uzi uliokwisha kuungana haugawanyiki tena kuwa nyuzi mbili. Unaweza kunenepa na kurefuka, ila idadi hutegemea nyuzi mpya zilizoungwa wakati kazi hiyo bado inaendelea.

Kwa nguruwe wakati huo una mipaka. Mimba yake huchukua siku 114 hivi, ile hesabu ya wafugaji ya miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Nyuzi za kwanza huundwa takriban kati ya siku ya 35 na ya 60. Kisha nyuzi za pili, ambazo ni nyingi zaidi, huundwa kwa kuzizingira zile za kwanza, na hesabu hufungwa karibu na siku ya 90. Mgema wa ulanzi analo la kufananisha: pingili zote za mwanzi zimo tayari ndani ya chipukizi, mvua huja kuzirefusha tu. Mwaka 1983 Wigmore na Stickland walilinganisha vijusi vikubwa na vidogo vya tumbo moja. Nyuzi za kwanza zilikaribiana kwa idadi. Zilizopungua kwa wadogo ni zile za pili. Ndiyo maana simlaumu baba. Ni kweli ndugu hawarithi sawasawa, na ni kweli mbegu ina nguvu: ng'ombe wa Belgian Blue wana misuli minene ajabu kwa sababu ya jeni ya miostatini iliyoharibika, jambo lililobainishwa mwaka 1997. Lakini upungufu unaoziacha nyuzi za kwanza na kuzipata za pili unaelekea zaidi kwenye riziki ya tumboni: nafasi finyu, na kondo dogo linalopitisha chakula kidogo.

Basi jike alishwe zaidi? Hapa wauzaji wa chakula cha mifugo hukimbilia kusema ndiyo. Mwaka 1994 Dwyer na wenzake waliongeza chakula mapema katika mimba na wakaona nyuzi za pili zikiongezeka kulinganisha na za kwanza. Mwaka 2003 Nissen na wenzake wa Denmark walijaribu tena, wasipate faida yoyote. Ninavyoona, jike asishinde njaa katikati ya mimba, lakini debe la ziada halimfikii kijusi aliyebanwa na ndugu zake. Na debe linaloletwa baada ya siku ya 90 hujenga uzito na maziwa, si nyuzi.

Pingamizi zito zaidi ni la mfugaji aliyemwona mtoto huyo mdogo wa nguruwe akinenepa. Hakika hunenepa, ila huchelewa kufikia uzito wa kuuzwa na mara nyingi huja na mafuta mengi, kwa kuwa nyuzi chache zina kikomo chake. Hata hivyo hajaisha. Mwaka 1961 Alexander Mauro alieleza seli ndogo zilizobanana kando ya kila uzi. Hizo huongeza viini ndani ya uzi na kuuwezesha kukua, na wiki za mwanzo ndizo zenye kasi kubwa. Kwa hiyo mdogo ashikwe siku ileile aliyozaliwa, wenzake wakubwa watengwe kwa muda, awekwe kwenye chuchu za mbele, na dang'a aipate kabla haijaisha.