Mbuzi Akimkataa Mwanawe: Saa za Kwanza Ndizo za Kumwokoa

Mvua ikinyesha na malisho yakirudi, mbuzi wengi katika maeneo ya Ganze, Magarini na Kaloleni huzaa karibu wakati mmoja. Ni msimu wa furaha kwa mfugaji, ila pia ni msimu wa swali moja linalojirudia: mbuzi amezaa pacha, mmoja ananyonya vizuri, na mwingine akisogea anapigwa kichwa au teke. Afanyeje?

Wengi wetu hukimbilia chupa ya soda na maziwa ya ng'ombe kutoka dukani. Chupa ina kazi yake, na makala haya yanaeleza namna ya kuitumia. Lakini wanambuzi wengi wanaokataliwa hufa kabla ya siku ya pili, na mara nyingi si kwa kukosa chupa. Hufa kwa baridi, au kwa kukosa maziwa ya kwanza ya mama, yaani dang'a. Nyumbani ambako mbuzi mmoja akipelekwa soko la Bamba ndiye karo ya muhula, hasara hiyo si ndogo.

Kwanza mtazame mama

Mbuzi humjua mwanawe kwa harufu. Katika saa moja au mbili baada ya kuzaa humlamba, hunusa na kuihifadhi harufu hiyo; mwanambuzi asiye nayo humwona kama mgeni. Ndiyo maana si vizuri watu kumshikashika mtoto mapema, kumwosha kwa sabuni, au kumwondoa zizini kabla mama hajamaliza kumlamba. Mbuzi aliyezaa mara ya kwanza anaweza kuogopa tu. Aliyezaa pacha au watatu anaweza kumshughulikia mmoja na kumsahau mwingine.

Lakini kabla ya kumlaumu, mshike kiwele. Kikiwa cha moto, kigumu upande mmoja, au maziwa yakitoka na mabonge au damu, huyo anaumwa na kila akinyonywa anasikia maumivu. Anahitaji daktari wa mifugo. Kiwele kikiwa kizima, kamua mara mbili au tatu kila chuchu ili kizibo cha nta kilicho kwenye tundu kitoke. Wakati mwingine mwanambuzi alikuwa ananyonya chuchu iliyoziba, akachoka akaacha.

Mama akiwa mzima na ana maziwa, mfungie na mwanawe kwenye kijisehemu kidogo cha banda. Mshike au mfunge kamba fupi wakati wa kunyonyesha, mara nne au tano kwa siku, kisha mwachie. Wengine hukubali baada ya siku mbili tatu. Ukiwa na mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyo hiyo na mwanawe akafa, mpake yatima majimaji ya uzazi ya mbuzi huyo kisha umsogeze kwake. Jaribu njia hizi kabla ya kuamua chupa, maana chupa ni kazi ya wiki nyingi.

Joto, halafu dang'a

Ingiza kidole safi mdomoni mwa mwanambuzi. Mdomo ukiwa wa baridi, usimpe maziwa bado. Mwili uliopoa hauwezi kuyasaga, na mnyama aliyedhoofika namna hiyo hupaliwa kwa urahisi. Mpanguse kwa gunia kavu mpaka akauke, mweke ndani ya katoni yenye nyasi kavu mahali pasipo upepo, na umwekee pembeni chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa. Joto la kawaida la mwanambuzi ni nyuzi 38.5 hadi 40 hivi. Mdomo ukipata joto na akaanza kutafuta cha kunyonya, yuko tayari. Wakati huo huo chovya kitovu chake kwenye dawa ya aidini, kwa sababu kitovu kibichi ni mlango wa vijidudu.

Sasa dang'a. Tofauti na binadamu, mbuzi hampi mtoto kinga ya magonjwa akiwa tumboni. Mwanambuzi huzaliwa bila kinga hiyo, na huipata kwenye maziwa mazito ya manjano ya siku ya kwanza. Utumbo wake huweza kupitisha kinga hiyo hadi kwenye damu kwa saa 24 tu hivi, na uwezo huo hushuka kila saa inayopita. Kwa hiyo lenga ndani ya saa mbili za kwanza, na isipite sita. Kipimo cha kukumbuka ni mililita 50 kwa kila kilo ya mwili kwa mlo. Mwanambuzi wa kilo mbili na nusu atapata mililita 125, karibu nusu kikombe, na mlo huo urudiwe mara tatu au nne siku ya kwanza.

Mama akimkataa mtoto hajakataa kukamuliwa, kwa hiyo dang'a yake ndiyo ya kwanza kutafutwa. Akiwa amekufa au hana, omba kwa jirani ambaye mbuzi wake amezaa leo. Dang'a ya ng'ombe inaweza kusaidia ikibidi. Usiichemshe, kwani huganda na kinga huharibika. Ipashe kwa kuweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu. Mwenye friji yenye barafu anaweza kukamua ziada kutoka kwa mbuzi mwenye maziwa mengi, akaigandisha kwenye chupa ndogo kwa ajili ya dharura. Kikundi cha wafugaji kikiwa na mtu mmoja mwenye friji hiyo, kijiji kizima kina akiba.

Namna ya kushika chupa

Chupa ya soda ya nusu lita iliyosafishwa inatosha. Chuchu za mpira huuzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Geuza chupa: maziwa yadondoke tone kwa tone, yasitiririke. Mwanambuzi asimame kwa miguu yake, shingo ikiwa imeinuka kidogo kama anavyonyonya kwa mama. Usimlaze chali kama mtoto mchanga.

Kuna sababu ya kusisitiza jambo hili. Tumbo la mbuzi lina vyumba vinne, na kile kikubwa, cha kucheulia, bado hakijaanza kazi. Mwanambuzi anaponyonya, mfereji mdogo ndani yake hujikunja kama bomba na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye chumba cha nne kinachosaga maziwa. Ukimmiminia kwa kikombe au kwa nguvu, maziwa yanaweza kuingia kwenye chumba kisichofaa yakachacha, au yakaingia mapafuni na kumletea kichomi. Mwanambuzi asiyeweza kunyonya kabisa asilazimishwe. Mtaalamu ana mpira maalumu wa kupeleka maziwa tumboni, na huo unahitaji mkono uliofunzwa.

Maziwa yawe na joto la mwili. Yadondoshe kwenye kifundo cha mkono wako: usihisi baridi wala kuungua. Baada ya siku ya kwanza, mpe kwa siku nzima kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, ukigawanya mara nne au tano. Wa kilo tatu atakunywa mililita 450 hadi 600 kwa siku. Kufikia wiki ya tatu milo mitatu yatosha, na hata akikua lita moja hadi lita na robo kwa siku ni nyingi. Atakulilia aongezwe. Usimwonee huruma ya namna hiyo, kwani tumbo lililojaa kupita kiasi huvimba au huharisha, na mwanambuzi wa chupa anaweza kufa kwa kushibishwa kupita kiasi.

Maziwa ya mbuzi ndiyo bora, ya ng'ombe yakiwa mabichi na mazima yanafaa. Ukianza na aina moja usibadilishe ghafla. Usitie maji, usitie sukari. Maziwa ya mbuzi au ng'ombe aliyewahi kutupa mimba yachemshwe kwanza, kisha yapozwe. Osha chupa na chuchu kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya mlo. Mabaki ya asubuhi ndiyo kuhara kwa jioni. Akiharisha, punguza maziwa na umpe maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini katikati ya milo. Akiharisha damu, au akilala na kukataa chupa, piga simu kwa afisa wa mifugo badala ya kununua sindano kwa kubahatisha.

Hesabu ya nyumbani

Kuanzia wiki ya pili mwekee majani laini, nyasi kavu na maji safi. Hatakula sana, lakini kutafuna ndiko kunakokuza chumba cha kucheulia. Anaweza kuachishwa maziwa akiwa na wiki nane hadi kumi na mbili, iwapo anakula vizuri na uzito wake umefika mara tatu ya aliozaliwa nao. Punguza mlo mmoja mmoja.

Kufika hapo atakuwa amekunywa kama lita 50 hadi 60. Zizidishe kwa bei ya maziwa ya kwenu uone. Kwa jike wa Galla, ambaye atazaa kwa miaka mingi, gharama hurudi. Kwa dume wa kienyeji anayelelewa kwa maziwa ya kununua, huenda isirudi, na mfugaji hana haja ya kuona aibu kumpa jirani mwenye maziwa ya ziada. Wakati wa kiangazi, maziwa ya nyumbani yakiwa machache, watoto wa binadamu watangulie.

Tahadhari nyingine inahusu afya ya watu. Chupa ya mtoto isitumike kwa mbuzi hata siku moja. Mama mjamzito asishike kondo la nyuma wala majimaji ya uzazi wa mbuzi, kwa sababu magonjwa kama bruselosi hupitia humo. Wengine wote wavae glavu au mifuko ya plastiki, wanawe mikono, na kondo lizikwe mbali na mbwa.

Mwanambuzi akishapata nguvu, arudi zizini kulala na wenzake na aje kwako wakati wa chupa tu. Dume aliyezoea kuishi jikoni akikua huwaona watu kama mbuzi wenzake na huwapiga pembe, watoto wakiwa wa kwanza. Kama si wa mbegu, ahasiwe mapema. Mama aliyewakataa watoto mizao miwili, ilhali kiwele chake ni kizima, ni wa kuuzwa.

Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti tangu Katiba ya 2010 ilipoanza kutekelezwa kikamilifu, kwa hiyo muulize afisa wa wadi yako. Ukimpigia, uwe tayari kumweleza saa aliyozaliwa, kama amepata dang'a na kiasi gani, mdomo wake una joto au baridi, na kiwele cha mama kikoje.