Mafuta Yapita, Malaba Yala Foleni

Alfajiri, barabara ya kutoka Amagoro kuingia Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huwa imekwisha kushikwa na malori. Utingo anashuka, anatia jiwe nyuma ya gurudumu, ananawa uso kwa maji ya mtungi. Mama wa chai amefika na chupa mbili, mandazi na ndoo ya mayai ya kuchemsha. Anapita gari kwa gari, na wateja wake wakubwa ni madereva wa matangi ya mafuta.

Kila tangi limepigwa lakiri na kutiwa kufuli ya kielektroniki inayowaonyesha watu wa forodha lilipo. Mafuta yaliyomo yanakwenda Uganda, au kuvuka hadi Rwanda na mashariki ya Kongo, na ushuru wake unalipwa huko. Malaba haiuzi hata lita moja ya shehena hiyo. Inachouza ni chai, kitanda, ufundi wa gereji na kazi ya mawakala wa forodha kwa dereva anayesubiri.

Biashara hii imezaliwa na bomba lililoishia njiani. Bomba la Kenya Pipeline lilifika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1978, likafikishwa Eldoret na Kisumu mwaka 1994, likakomea hapo. Mpango wa kulivusha hadi Kampala umezungumzwa tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo gari lililopakia Eldoret hushuka kwa Webuye na Bungoma hadi Malaba, na lililopakia Kisumu hupitia Ugunja na Bumala hadi Busia.

Uganda hupitisha Kenya takriban asilimia 90 ya mafuta yake, na mpaka ukikwama Kampala huumia mara moja. Ilionekana mapema 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera. Ikaonekana tena Januari 2022, madereva walipogoma Malaba na Busia kwa kukataa kulipia vipimo vya korona. Foleni ilirudi nyuma kilomita nyingi, na bei ya petroli Uganda ikapanda kwa kishindo.

Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako karatasi za nchi zote mbili hukaguliwa mahali pamoja. Kwa mwenye mzigo hiyo ni neema, lakini kila saa inayookolewa ni sahani ya ugali isiyouzwa kibandani. Mji uliojengwa juu ya foleni unapungukiwa kila serikali zinapofanya kazi vizuri.

Na kuna mengine. Julai 2024 shirika la mafuta la Uganda, UNOC, lilianza kuagiza mafuta lenyewe kupitia kampuni ya Vitol. Mwenye mzigo akabadilika, njia ikabaki ileile. Lakini gati ya mafuta ya Kisumu sasa inaweza kuyapitisha ziwani, na Uganda inapanga kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku huko Hoima. Mafuta ghafi ya Hoima nayo yamepangiwa bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, tangu Uganda ilipoichagua njia hiyo mwaka 2016 na kuiacha ya Kenya iliyokuwa ipite Lokichar.

Lokichar ina funzo kwa Malaba. Kijiji hicho cha Turkana kilijulikana duniani Machi 2012, kampuni ya Tullow ilipopata mafuta katika kisima cha Ngamia-1. Juni 2018 malori yalianza kuyabeba kwenda Mombasa, na mwezi huohuo wenyeji wakayazuia wakidai usalama. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa 200,000 yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Walichokipata Waturkana kwa kelele zao kimo katika Sheria ya Petroli ya 2019: asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya wenyeji.

Malaba haina kisima, basi haina fungu. Inachokipata ni moshi, barabara iliyochimbika na hatari ya tangi kupinduka karibu na nyumba za watu. Lakini Katiba inaipa kaunti mamlaka juu ya maegesho, na hapo ndipo pa kuanzia. Kaunti ya Busia, ilimo Malaba, ijenge uwanja wa malori wenye taa, vyoo, maji na gari la zimamoto, na ada yake irudi papo hapo. Gereji zifundishwe kukagua vali na matangi, kazi ambayo dereva atailipia hata siku ambayo hakuna foleni.

Mama wa chai asiishi kwa kuombea bomba likawie. Apewe kibanda chenye paa na maji ndani ya uwanja huo, dereva asimame kwake kwa kupenda, kisha aende zake.