Chanjo ya Wasichana na Uvumi wa Ugumba

Makambako ni njia panda. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya huachana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita mjini humo. Zamani habari za mbali zilifika kwa mabasi na malori. Leo hutangulia kwa simu, nyingine zikiwa sauti ya mtu asiyejulikana inayohama kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Miongoni mwa madai yanayosambaa nchini kwa njia hiyo ni kwamba chanjo ya HPV huwafanya wasichana kuwa wagumba.

Dai lenyewe si geni. Mwaka 2014, nchini Kenya, lilielekezwa kwa chanjo ya pepopunda, tena likatamkwa na maaskofu Wakatoliki.

Chanjo ya HPV ilipoanza kutolewa Tanzania nzima Aprili 2018, walengwa walikuwa wasichana wa miaka 14 pekee. Mzazi aliyeuliza kwa nini mabinti tu, na kwa nini umri huo, hakuwa mjinga. Jibu lilikuwapo: kinga hujengeka vyema kabla ya msichana kuanza kujamiiana, na dozi zilizopatikana duniani hazikutosha kuwafikia wote wa miaka 9 hadi 14. Asiyeelezwa hayo na mhudumu wa afya atayatafuta kwingine.

Ndani ya chanjo hiyo mna maganda ya protini yanayofanana na kirusi, lakini hayana vinasaba vyake, hivyo hayawezi kuzaliana mwilini. Kinachoondoa uwezo wa kuzaa ni saratani ya mlango wa kizazi, na mara nyingi hata tiba yake: kuondolewa mji wa mimba, au mionzi. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 nchini.

Kwa Njombe jambo hili ni zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani humo wanaishi na VVU. Kitaifa ni asilimia 4.4. Mwanamke mwenye VVU yumo katika hatari ya saratani hiyo takriban mara sita zaidi ya asiye navyo.

Tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani hushauri wenye VVU wapate angalau mbili, ikiwezekana tatu. Msichana huyo atarudi zahanati peke yake, wenzake wakiwa wamekwisha maliza, na darasani wataanza kuulizana sababu.