Bibi, nitajie wanyama

"Shikamoo bibi. Naomba unitajie wanyama wote unaowakumbuka, mpaka nitakapokuambia basi." Ombi hilo la dakika moja hutumika sana duniani kuchunguza dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, ukiwamo ugonjwa wa Alzheimer.

Mzee wa Sekei, jijini Arusha, mwenye akili timamu huanzia zizini: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Wakimwishia, huhamia Hifadhi ya Arusha: twiga, nyati, mbega. Kuchota majina ya kundi moja hutegemea zaidi ubongo wa pembeni, usawa wa masikio. Kuhama kundi hutegemea ubongo wa mbele.

Uzee wa kawaida hupunguza kasi. Mzee hutaja wachache kuliko alivyoweza ujanani na jina humponyoka, kisha humrudia baadaye. Alzheimer hugusa maarifa yenyewe. Mgonjwa husema ng'ombe, mbuzi, ng'ombe tena, halafu hukwama, hata kama alifuga maisha yake yote.

Kuna kipimo kingine cha kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani, lakini kwa asiyesoma hicho ni mtihani wa darasani. Ndiyo maana kipimo cha IDEA, kilichoandaliwa kwa wazee wa Hai, mkoani Kilimanjaro, kimechagua wanyama. Mzee huulizwa pia leo ni siku gani, daraja ni nini na kiongozi wa eneo ni nani. Hupanga njiti za kiberiti na kukumbuka maneno kumi. Haandiki chochote. Utafiti wa Hai uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimensia kwa takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Hao ni majirani zetu.

Idadi ya wanyama peke yake haimhukumu mtu. Aliyezoea Kimeru au Kimaasai aachwe ajibu kwa lugha hiyo. Usikivu hafifu, sonona, upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo huweza kumfanya mzee aonekane ana dimensia, na hayo yanatibika.

Kwa hiyo tusiseme "ni uzee tu", wala "amerogwa". Mzee akianza kurudia swali lilelile, kupotea njia ya nyumbani au kushindwa kuhesabu chenji, mpelekeni Hospitali ya Mount Meru pamoja na mtu anayeishi naye, aeleze mabadiliko yalianza lini. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, msisubiri: huenda ni maambukizi au kiharusi. Alzheimer haina dawa ya kuiponya, lakini familia inayoijua mapema hupanga malezi, humlinda mzee na haimgombezi kwa kosa asilolitenda.