Kiazi, Bibi Emily na Mstari Usiokatika

Sogeeni, wapwa zangu. Mwenye mkeka aukunjue, asiye na mkeka akae chini vivyo hivyo. Leo sisimulii peke yangu. Leo na kiazi kitasimulia.

Namsikia mdogo wa huko nyuma anacheka. "Mjomba, kwani kiazi kina mdomo?"

Swali zuri hilo. Hakina. Lakini kilikuwa na rafiki aliyekisemea maisha yake yote, na rafiki huyo alikuwa mchoraji. Basi tukipe nafasi. Haya, kiazi, karibu.

"Hodi, hodi! Mimi naitwa anwerlarr. Ndivyo wanavyoniita Waanmatyerre, wenyeji wa asili wa kwetu. Kwetu ni mbali, katikati ya Australia, kwenye jangwa la udongo mwekundu. Ukitoka mji wa Alice Springs unaelekea kaskazini-mashariki, kilomita zaidi ya 200, mpaka sehemu inayoitwa Utopia. Pembezoni mwake ipo Alhalkere. Hapo ndipo nyumbani.

"Msinidhanie kiazi kitamu cha sokoni. Mimi ni mwembamba, mrefu. Na ukoo wangu ni wa kunde na choroko. Mnashangaa? Hizo kunde mnazokula na ugali ni binamu zangu!

"Juu ya ardhi nina majani na maua ya njano. Hayo ndiyo mnayoyaona. Lakini mimi mwenyewe niko chini. Mvua ikinyesha, natambaa. Huku nakwenda, kule nakwenda. Nakutana na ndugu yangu, tunapishana. Jua likiwaka, majani yangu yanakauka. Mgeni anapita, anaangalia huku na huku, anasema hapa hakuna kitu. Hapa hakuna kitu! Na mimi niko chini, nimenona. Nikinona sana, ardhi juu yangu inapasuka. Ufa mdogo tu. Wanawake wa kwetu wanaujua ufa huo. Wanakaa chini, wanashika muo, ule mti uliochongwa ncha, wanachimba. Mmoja wao alikuwa Emily. Emily Kame Kngwarreye. Na hilo jina Kame ni langu: ni mbegu zangu na maua yangu. Sasa nimechoka. Sijazoea kukaa juani."

Asante, kiazi. Rudi chini.

"Mjomba, Emily alizaliwa lini?"

Mnamo mwaka 1910. Nasema mnamo, maana hakuna aliyeandika. Wakati huo Waanmatyerre walikuwa wakiishi kwa kuhama kufuata maji na chakula, na hawakuwa na haja ya karatasi za kuzaliwa. Baadaye kidogo wakaja wafugaji Wazungu, wakakata ardhi ile vipande vya ranchi za ng'ombe. Wenyeji wakawa vibarua juu ya ardhi yao wenyewe. Emily naye alifanya kazi kwenye ranchi. Aliongoza hata ngamia waliobeba mizigo.

"Ngamia? Australia?"

Ndiyo, ngamia. Waliletwa kwa meli katika karne ya 19 pamoja na wachungaji wao, kutoka upande wa India na Afghanistan. Magari yalipofika, ngamia wakaachiwa porini, na wajukuu zao wanazurura huko mpaka leo. Lakini tusifuate ngamia, tutapotea. Turudi kwa Emily.

Kuna jambo moja gumu kidogo ambalo lazima mlielewe, la sivyo picha zake zitawapita. Waanmatyerre wana kitu wanachokiita Altyerre. Wanasema hapo kale wazee wa mwanzo walitembea juu ya nchi. Wengine walikuwa na umbo la watu, wengine la wanyama, wengine la mimea. Pale walipopita pakawa na mlima, kisima, mti, kiazi. Na hao wazee hawakuondoka. Wamo humo humo, na sheria za kuishi walizoziacha zimo.

"Mjomba, sijaelewa. Hayo ni ya zamani au ya leo?"

Umeuliza swali ambalo watu wazima wenye vitabu vinene wanaliuliza! Ngoja. Ile njia yetu ya kwenda kisimani, nani aliitengeneza?

"Sijui. Tumeikuta."

Umeikuta. Na bibi yako aliikuta. Hakuna aliyeichonga kwa jembe. Mtu alipita, akapita mwingine, nyasi zikalala. Je, njia hiyo ni ya zamani?

"Ndiyo."

Ni ya leo?

"Ndiyo! Nimepita asubuhi."

Na tukiacha kupita?

"Nyasi zitaifunika."

Basi umeelewa Altyerre. Wazee wa mwanzo walipita. Waanmatyerre nao wanapita tena kwa kuimba, kwa kucheza, kwa kuchora, nyasi zisiifunike.

Kila mtu hupewa sehemu yake ya kutunza. Emily alipewa kiazi, na mengine mengi ya Alhalkere. Alitoboa pua yake, na tundu lile lilimkumbusha mwamba wa kwao wenye tundu. Alipokuwa mtu mzima alikuwa miongoni mwa wakuu wa awelye, yaani ngoma na nyimbo za wanawake. Siku ya awelye, wanawake hujipaka mafuta, kisha huchorana mistari kifuani na mabegani kwa udongo wa rangi. Mstari, mstari, mstari. Ndipo huimba na kucheza. Baadhi ya mambo ya awelye ni siri ya wenyewe, hawaambiwi wapita njia, na mimi sitajaribu kuchungulia.

Sasa sikilizeni vizuri. Emily alikuwa akichora tangu utoto. Alichora mchangani kwa kidole. Alichora kwenye miili ya dada zake. Mchanga ulipeperuka, mafuta yakaoshwa, na hakuna aliyesema huyu ni mchoraji. Watu wa mbali husema alianza kuchora akiwa na karibu miaka 80. Hapo huwa nacheka. Ni kama kusema njia ya kisimani ilianza siku ile serikali ilipoiweka kwenye ramani!

Mwaka 1977 walikuja walimu wakawafundisha wanawake wa Utopia kutengeneza batiki. Batiki mnaijua. Mama zetu huku wanaitengeneza, wanaivaa, wanaiuza. Unachora kwa nta ya moto kwenye kitambaa, unatia rangi, palipo na nta rangi haishiki. Kisha unachemsha kitambaa nta itoke. Kazi hii ilianzia mbali na sisi, Indonesia, ikatufikia sisi, ikawafikia na wao. Wanawake wa Utopia wakaunda kikundi, wakachora kwenye hariri majani na mbegu na nyayo za ndege. Ilikuwa miaka ile ile walipokuwa wakidai ardhi yao, na batiki zao zilisaidia kuonyesha kwamba nchi hii ina wenyewe na wenyewe wanaijua. Na ardhi wakarudishiwa.

Emily alichora batiki miaka kama kumi. Kisha akaacha.

"Kwa nini, Mjomba? Alikosana na wenzake?"

Hapana, alichoka kufua! Alisema mwenyewe. Kuwasha moto, kuchemsha, kuchemsha tena, na sabuni ya unga inakwisha. Macho nayo yalianza kufifia. Mnaona? Watu wanasubiri sababu kubwa kubwa, kumbe bibi wa watu kachoshwa na kuni na sabuni.

Basi kiangazi kile cha mwaka 1988 kuingia 1989, wasanii wa Utopia wakagawiwa maturubai ya kuchorea na rangi za akriliki. Rangi hizi unachovya, unachora, zinakauka. Hakuna kuchemsha. Bibi Emily akachukua turubai, akalitandika chini. Sikilizeni hapo: chini. Hakulisimamisha mbele yake. Akakaa chini vile vile alivyokaa siku zote akichimba kiazi. Akachora mistari ya awelye. Kisha akaifunika kwa nukta. Du! Du! Du! Nukta za mbegu, nukta juu ya nukta, mpaka mistari ikabaki inachungulia tu. Picha hiyo inaitwa Emu Woman. Emu ni ndege mkubwa wa Australia asiyeruka, jamaa wa mbuni, naye ana njia zake katika nchi ile.

Watu wa mijini walipoiona, wakasimama.

Na Bibi Emily hakusimama! Kwa miaka kama minane iliyobaki alichora picha zinazokadiriwa kufika 3,000. Fanyeni hesabu. Ni karibu picha moja kila siku.

Alikuwa na mtindo wake. Alikamata brashi iliyojaa rangi, akaigonga kwenye turubai mpaka nywele zake zikatanuka pande zote. Du! Inabaki alama iliyochanua. Du! Nyingine. Mvua zikinyesha jangwani, mbegu zilizolala huamka kwa pamoja, na nchi nyekundu hugeuka kijani na njano na zambarau kwa muda mfupi. Mwaka 1994 alichora wakati huo wa kijani katika picha iitwayo Earth's Creation. Ina upana wa mita zaidi ya sita, na ilibidi iwe vipande vinne. Mwaka 2007 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja za Australia. Kabla ya hapo hakuna kazi ya msanii wa wenyeji wa asili iliyowahi kufika bei hiyo.

"Dola milioni! Bibi Emily akatajirika?"

Hakuzipata hizo, mpwa wangu. Alikwisha kufariki miaka 11 nyuma. Hata pesa alizopata akiwa hai aliwagawia jamaa zake, maana kwao mwenye kupata hali peke yake. Na wachuuzi wa picha walimwandama, huyu anataka nne, yule anataka kumi, na yeye bibi kizee. Jambo hilo silipendi hata kidogo. Lakini alichora. Alipenda kuchora.

Sasa ile ninayoipenda mimi. Mwaka 1995 alitandikiwa turubai jeusi, urefu wake mita nane, kwenda juu karibu mita tatu. Mita nane! Nendeni mkazihesabu kwa hatua hapo uani baadaye. Bibi wa miaka 85 hivi alikaa juu ya turubai lenyewe, akachovya brashi katika rangi nyeupe, akaanza mstari. Mstari ukaenda. Ukapinda. Ukapishana na wenzake. Huku ukaenda, kule ukaenda. Hakupima, hakufuta. Kwa siku mbili alikuwa amemaliza. Hakuna nyekundu, hakuna njano. Nyeupe juu ya nyeusi, basi.

"Mjomba, ni picha ya nini?"

Nani anakumbuka nani alisema huku nakwenda, kule nakwenda?

"Kiazi!"

Kiazi! Jina lake ni Anwerlarr anganenty, na kwa Kiingereza inaitwa Big Yam Dreaming. Iko Melbourne, kwenye jumba la sanaa la National Gallery of Victoria. Wataalamu walipoiona walisema inafanana na kazi za wachoraji maarufu wa New York. Bibi hakuwa amewajua hao wachoraji. Alichokijua ni kiazi. Alijua ufa unavyopita, alijua mizizi inavyokutana gizani, maana mikono yake ilichimba humo tangu akiwa mdogo kuliko nyinyi.

Watu walipomuuliza picha zake zinahusu nini, kila mara alijibu: vyote. Kisha akavitaja: kiazi, mjusi wa miiba, mbegu za majani, emu, mbwa mwitu mdogo, mimea midogo midogo. Walitarajia achague kimoja. Hakuchagua.

Mwaka 1996, wiki chache kabla hajafa, aliomba turubai tena. Brashi ya kawaida haikumtosha. Akashika brashi pana, ile ya kupakia rangi ya chini, akapaka mapana mapana: waridi, buluu, nyeupe. Hakuna nukta sasa, hakuna mstari. Rangi tupu. Picha 24 kwa siku tatu! Mimi nikipaka ukuta mmoja kwa siku tatu najisifu. Mwezi wa Septemba akafariki. Mwaka uliofuata picha zake zilipelekwa Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa, kuiwakilisha Australia pamoja na za wanawake wengine wawili. Zimekwenda Osaka na Tokyo mwaka 2008, na London mwaka 2025.

Naona mkono juu. Sema, mama.

"Mjomba, umesema alichora turubai likiwa chini. Na huko London walizitundika ukutani. Sasa walijuaje upande upi ni wa juu?"

Eeh! Njoo hapa mbele nikuone. Swali hilo limewatoa jasho wenye majumba ya sanaa, na wewe hujamaliza hata darasa la tatu! Bibi alizunguka. Alichora akikaa upande huu, kisha upande ule. Kwake picha haikuwa na kichwa wala miguu, kama ambavyo uwanja hauna. Waliotundika ndio walioamua wenyewe.

"Kwa hiyo ukiigeuza hujakosea?"

Hujakosea. Ila usiiguse, mlinzi atakufukuza.