Saa ndani ya bakteria: Je, mwanadamu ameumba?

Mtoto anaporudi kutoka shuleni akasema kwamba wanasayansi sasa "wanaumba uhai", baadhi yetu wazazi humkemea, na wengine hunyamaza. Hakuna kati ya hayo mawili linalomfundisha. Ni bora tuketi naye, tutazame kilichofanyika hasa.

Mwezi wa Januari 2000, Michael Elowitz na Stanislas Leibler wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walitangaza kuwa wametengeneza mfano wa saa ndani ya E. coli, bakteria ambaye jamii zake huishi matumboni mwetu. Walipanga jeni tatu kwa duara: ya kwanza huizuia ya pili, ya pili huizuia ya tatu, na ya tatu hurudi kuizuia ya kwanza. Hivyo hapana inayotawala daima. Kila moja ina zamu yake. Kwa kuwa zamu hizo hazionekani kwa macho, waliongeza jeni ya kung'arisha, na bakteria wakawa wanang'aa kijani na kufifia kila baada ya saa kadhaa.

Kabla ya hapo walikokotoa kwa hesabu kasi ya kutengenezwa na kuharibika kwa protini, ili zamu zisikwame. Hata hivyo, ni baadhi tu ya bakteria waliofuata mpango, nao hawakwenda sawa.

Hapo ndipo penye funzo. Jeni zile tatu hazikuumbwa Princeton. Moja ni ya E. coli mwenyewe, ya pili inahusika na ukinzani wa bakteria dhidi ya dawa ya tetrasaiklini, na ya tatu ni ya kirusi kinachoshambulia bakteria. Mwanadamu alipanga alichokikuta. Kuumba pasipo na kitu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Wala tusidharau manufaa. Zamani insulini ya wagonjwa wa kisukari ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, kwa ufundi ule ule wa kupandikiza jeni. Wangapi majumbani mwetu wamepata faraja kwayo!

Ufundi huu waweza pia kudhuru. Lazima awepo wa kuuliza: una maslahi gani, una madhara gani, na nani anausimamia? Asiyeusoma hawezi kuuliza hayo. Basi tusimzuie mtoto wetu kusoma hesabu na baiolojia. Tumlee awe miongoni mwa watakaouliza.